Mzio wa Chakula: Tuutambue Mapema, Tusiwanyime Watoto Lishe Bure



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia hali ambayo familia nyingi hukutana nayo bila kuijua kwa jina. Mtoto anakunywa uji wenye karanga, na kabla kikombe hakijaisha midomo imevimba na mwili umejaa mabaka yanayowasha, kama mtu aliyepita kwenye upupu. Hapo maneno huanza. Mmoja anasema chakula kilikuwa kibovu. Mwingine anasema mwiko wa ukoo umevunjwa. Wa tatu anamkumbuka jirani aliyeleta karanga zile, na moyoni anaanza kumshuku. Wakati watu wanabishana, mtoto anazidi kubanwa kifua.

Hali hiyo ni mzio wa chakula, ambao wengi wetu huuita aleji. Hauletwi na uchawi wala na mtu mwenye kijicho. Tunapenda kila familia ishike mambo mawili. La kwanza, mzio mkali unaweza kuua kwa muda mfupi, kwa hiyo dalili zake zisidharauliwe. La pili, mwenye mzio hukatazwa chakula kile tu kinachomdhuru. Kumnyima vyakula vingine kwa kubahatisha ni kumwongezea ugonjwa wa pili, yaani utapiamlo.

MZIO NI KITU GANI?

Mwenyezi Mungu ameujalia mwili kinga ya kupambana na vijidudu. Kwa baadhi ya watu kinga hiyo hukosea. Hukutana na protini ya chakula kisicho na ubaya wowote, kama vile yai au karanga, ikaichukua kuwa adui. Mwili hutengeneza kingamwili za kupambana na chakula hicho na kuziweka tayari. Mara nyingine kikiliwa, chembe za mwili humwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Kemikali hizo ndizo zinazoleta muwasho, uvimbe, kubanwa kifua na kushuka kwa shinikizo la damu.

Ndiyo sababu mtu anaweza kula chakula fulani pasipo shida, kisha siku moja kikamdhuru. Kwa hiyo maneno "mbona siku zote anakula" si uthibitisho kwamba hana mzio. Wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walilieleza jambo hili mwaka 1902. Waliwapa mbwa kiasi kidogo cha sumu ya mnyama wa baharini, nao wakapona. Baada ya majuma machache waliwapa tena kiasi kidogo, na safari hii baadhi yao walikufa upesi. Mwili, badala ya kuzoea, ulikuwa umekuwa mwepesi zaidi wa kudhurika. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo.

Jambo jingine la kukumbuka ni kiasi. Kwa mwenye mzio mkali, chembe ndogo inatosha. Kijiko kilichokoroga mboga za karanga kikitumika kwenye sufuria nyingine, chaweza kumletea shida.

VYAKULA GANI HULETA MZIO?

Chakula chochote kinaweza, lakini vinavyoongoza ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Wasomaji wetu wa Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe wataona kwamba vingi kati ya hivyo viko mashambani na sokoni kwetu. Karanga tunazila zimekaangwa, tunazitwanga na kuzitia kwenye mboga za majani, na tunazichanganya kwenye unga wa lishe. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, nao wana mboga zao za karanga. Kwa hiyo mwenye mzio wa karanga hapa kwetu hawezi kujilinda kwa kuacha tu karanga za kutafuna. Ni lazima aulize kilichomo ndani ya mboga na uji.

Wadudu wanaoliwa, kama kumbikumbi na senene, nao wanaweza kuleta mzio. Mwaka 2010 madaktari wa Botswana waliandika habari za mwanamke wa miaka 36 aliyepata vipele vya kuwasha, uvimbe wa uso na kushuka kwa shinikizo la damu baada ya kula viwavi wa mpane, chakula kinachopendwa sana huko na hata Zambia. Protini za wadudu hufanana na zile za kamba wa majini. Basi anayedhurika na kamba awe mwangalifu na wadudu pia.

SI KILA MADHARA YA CHAKULA NI MZIO

Hapa ndipo wengi wetu huchanganya mambo. Tutofautishe yafuatayo:

1. Maziwa kujaza tumbo gesi. Watu wazima wengi wa Afrika hawana tena uwezo wa kusaga vizuri sukari ya maziwa. Wakinywa maziwa mengi tumbo hujaa, hunguruma na kuharisha. Huu si mzio na hauui. Wengi wao hunywa mtindi bila shida, au maziwa kidogo kidogo pamoja na chakula.

2. Samaki waliokaa juani. Baadhi ya samaki, hasa jamii ya jodari, vibua na dagaa, wasipohifadhiwa vizuri hujaa histamini kabla hawajafika jikoni, na kuwapika hakuiondoi. Mlaji huwa mwekundu usoni, huwashwa na kuumwa kichwa, akadhani ana mzio. Tofauti ni kwamba hapo huugua wengi waliokula samaki wale, na siku nyingine samaki wazuri hawawadhuru.

3. Sumukuvu. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Huharibu ini la mtu yeyote, awe na mzio au asiwe nao. Mwaka 2004 nchini Kenya ilileta vifo 125. Mwaka 2016 hapa Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walipoteza maisha. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, wala zisitwangwe kwa ajili ya mboga.

4. Ugonjwa wa siliaki. Kwa wagonjwa hawa gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huharibu utumbo polepole. Huharisha, hukonda na kupungukiwa damu. Wengine huogopa kwamba hawataweza tena kupokea Komunyo. Kanisa limewafikiria. Maelekezo kutoka Vatikano ya mwaka 2003, yaliyokumbushwa mwaka 2017, yanasema hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, lakini yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa. Asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea kwa umbo la divai peke yake. Mwenye siliaki au mzio wa ngano azungumze na Paroko wake mapema.

Swali moja husaidia sana: je, wengine waliokula sufuria ile wanaendeleaje? Wakiugua wengi, fikirieni chakula kibovu au sumu. Akiugua mmoja tu, tena upesi baada ya kula, fikirieni mzio.

DALILI ZA MZIO

Dalili huanza mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Upo mzio wa pekee wa nyama nyekundu, unaotokana na kuumwa na kupe, ambao huchelewa saa tatu hadi sita. Umeonekana Afrika Kusini, Marekani na Australia.

Dalili nyepesi ni mabaka yanayowasha, muwasho wa midomo na koo, uvimbe mdogo wa midomo au macho, mafua ya ghafla na kutapika mara moja.

Dalili za hatari ni hizi:
- ulimi au koo kuvimba, sauti kukauka, kushindwa kumeza mate;
- kupumua kwa shida, kukohoa mfululizo au kifua kupiga filimbi;
- kizunguzungu, jasho jembamba, kuzirai;
- mtoto mdogo kulegea na kupauka ghafla;
- kutapika kusikokoma pamoja na mabaka mwilini.

Mara nyingine dalili za hatari huja bila mabaka yoyote. Msingoje ngozi iote vipele ndipo mwamini. Wenye pumu wako katika hatari kubwa zaidi, hasa pumu isiyotunzwa vizuri. Watumie dawa zao za pumu kama walivyoelekezwa.

MFANYE NINI DALILI ZA HATARI ZIKITOKEA?

Dawa inayookoa maisha ni sindano ya adrenalini. Huchomwa kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje, na ikibidi hurudiwa baada ya dakika 5 hivi. Imo katika orodha ya dawa muhimu za taifa letu. Kwa hiyo kazi ya familia ni kumfikisha mgonjwa mahali sindano ilipo, bila kuchelewa.

Kwanza, mwacheni asile tena chakula kile, na kilichobaki mdomoni akiteme. Msimlazimishe kutapika.

Pili, mlazeni chali na kuinua miguu yake. Akishindwa kupumua vizuri akiwa amelala, mkalisheni huku miguu imenyooshwa. Mama mjamzito alale ubavu wa kushoto. Anayetapika au aliyezirai alazwe ubavu. Msimsimamishe wala kumtembeza, hata akisema amepata nafuu. Shinikizo la damu likiwa limeshuka, kusimama ghafla kunaweza kuusimamisha moyo. Kwa sababu hiyo hiyo, pikipiki haifai kumbebea mgonjwa wa namna hii akiwa ameketi wima katikati ya watu wawili. Tafuteni gari au bajaji anamoweza kulazwa.

Tatu, nendeni kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu kuliko zote. Msipange safari ya moja kwa moja hadi Vwawa au Mbeya kwa kuwa huko kuna madaktari wakubwa. Toka Tunduma hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 100, na sote tunaifahamu foleni ya malori barabarani kwetu. Tangulizeni simu kama mnayo namba ya kituo. Mkifika semeni wazi: "Amekula kitu fulani, dakika kadhaa zilizopita, sasa anashindwa kupumua." Maneno hayo humsaidia tabibu kuamua haraka.

Nne, kubalini mgonjwa abaki kituoni kwa saa kadhaa hata akipata nafuu, kwa maana dalili zinaweza kurudi mara ya pili.

Vidonge vya mzio, kama piriton au cetirizine, hupunguza muwasho. Haviwezi kufungua koo lililovimba wala kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo msimpe kidonge mkakaa mkingoja. Maziwa, mafuta ya kula, mkaa na maji ya majivu havisaidii. Tena mtu anayeshindwa kumeza anaweza kupaliwa navyo akafa.

JINSI YA KUKITAMBUA CHAKULA KINACHODHURU

Baada ya hatari kupita, familia ikae na kukumbuka. Mgonjwa alikula nini na nini? Kiasi gani? Dalili zilianza baada ya muda gani? Imewahi kutokea? Andikeni hayo kwenye daftari la shule na kulipeleka kwa tabibu. Maelezo ya namna hiyo ndiyo msingi wa utambuzi wote. Hospitali kubwa zinaweza kuongeza kipimo cha ngozi au cha damu, lakini majibu yake husomwa pamoja na habari ya mgonjwa. Wengi hupimwa wakaonekana kuwa na kingamwili za chakula fulani, na bado hukila bila shida yoyote.

Tunawaonya wasomaji juu ya vifaa vinavyotembezwa stendi na sokoni, ambavyo mtu hushika mkononi kisha husomewa orodha ndefu ya vyakula "visivyompatana". Vifaa hivyo haviwezi kutambua mzio. Mtu hurudi nyumbani amekatazwa mayai, maharage, samaki na maziwa kwa pamoja, tena amelipa fedha.

Wala msijaribu wenyewe nyumbani kumpa mtoto tena chakula kilichomletea dalili za hatari "ili kuona". Jaribio hilo hufanywa hospitalini tu, penye sindano na wataalamu.

KUISHI NA MZIO

Hadi leo hakuna kidonge cha kuuondoa mzio wa chakula kabisa. Kinga ni kukiepuka chakula husika. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na mayai hupona wanapokua, kwa hiyo warudishwe kwa tabibu kuangaliwa. Mzio wa karanga na wa samaki mara nyingi hudumu.

Yafaa kuzingatia haya:
- Sufuria na mwiko wa kupikia vioshwe kwa maji na sabuni. Joto la moto haliondoi mzio wa karanga.
- Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga karanga au soya huacha mabaki. Unga wa mgonjwa usifuate nyuma yake.
- Unga wa lishe wa dukani uulizwe umechanganywa na nini. Bidhaa za ng'ambo huandikwa kwa lugha ya kigeni. Mpeni mwanafunzi asome maandishi yote ya pakiti, maana mchanganyiko waweza kubadilika ingawa picha ni ile ile.
- Maziwa ya mbuzi si dawa ya mzio wa maziwa ya ng'ombe. Protini zake zinafanana mno.
- Chakula cha tiba wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali mara nyingi hutengenezwa kwa karanga na maziwa. Mwambieni mhudumu kama mtoto ana mzio.
- Mzio wa mayai haumzuii mtoto kupata chanjo ya surua. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo baadhi ya wasafiri wa mpakani huhitaji, hutengenezwa kwa kutumia mayai. Mwenye mzio wa mayai amwambie mhudumu kabla ya kuchomwa.

Na mkiondoa chakula kimoja, wekeni kingine mahali pake. Asiyeweza mayai apewe maharage, samaki au nyama. Asiyeweza karanga apikiwe mboga kwa mafuta ya alizeti. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Hatuna chakula cha kuwanyima watoto wetu kwa kubahatisha tu.

KWA WAJAWAZITO NA WATOTO WACHANGA

Wako wanaowakataza wajawazito mayai na samaki ili mtoto asizaliwe na mzio. Kukataza huko hakumkingi mtoto, na humpunguzia mama nguvu. Mama ale chakula mchanganyiko, isipokuwa kile kinachomdhuru yeye mwenyewe.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya. Zamani madaktari wa nchi za Ulaya na Marekani waliwashauri wazazi wachelewe kuwapa watoto karanga. Ushauri huo umeachwa. Mwaka 2015 Profesa Gideon Lack na wenzake wa London walitangaza matokeo ya utafiti wa watoto 640 waliokuwa na hatari kubwa ya mzio. Waliolishwa karanga tangu utotoni walipata mzio wa karanga kwa kiasi kidogo mno kuliko walionyimwa. Ulipungua kwa takriban asilimia 80. Basi akina mama wetu wanaotia unga wa karanga kwenye uji wa mtoto wa miezi sita hawakosei. Wahakikishe tu kwamba karanga ni safi, hazina ukungu, na zimesagwa laini. Karanga nzima zisipewe watoto wa chini ya miaka mitano, zitawapalia. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kudhurika na yai, apelekwe kwanza kliniki kwa ushauri.

WAJIBU WETU KATIKA JUMUIYA

Mtoto mwenye mzio hali nyumbani peke yake. Anakunywa uji shuleni, anakula pilau siku ya Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, anapewa biskuti na wenzake wa Utoto Mtakatifu. Wazazi wamweleze mwalimu na katekista kwa maandishi: jina la chakula, dalili zake, na namba ya simu ya nyumbani. Mtoto mwenyewe afundishwe kusema, "Mimi karanga zinanidhuru," bila kuona haya.

Akina mama wa WAWATA wanaopika kwenye sherehe za parokia wanaweza kutusaidia sana. Mboga yenye karanga iwekwe sufuria yake na upawa wake, na anayegawa aulizwapo ajue kujibu. Mgeni anayekataa chakula kwa sababu ya mzio asilazimishwe wala asiitwe mwenye maringo. Na jirani aliyeleta karanga siku ile mtoto alipougua asinyoshewe kidole. Alileta zawadi, wala hakuna aliyejua.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wasome makala hii pamoja na wanajumuiya katika mkutano wa juma. Kisha waulizane: zahanati iliyo karibu nasi ni ipi, usiku hufunguliwa na nani, na nani mwenye gari tunayeweza kumgongea mlango? Majibu yaandikwe na kila nyumba ipate nakala.

Mungu awalinde watoto wetu. Tukutane tena mwezi ujao.